Mpangaji wa Ujerumani haondoki, na hapo ndipo mgeni anapokwama

Mgeni anaposimulia maisha ya nyumbani Ujerumani, mara nyingi huanza na jiko ambalo halipo. Amehangaika miezi kutafuta fleti, hatimaye kapata, kakabidhiwa funguo, anafungua mlango na kukuta mabomba mawili yamechomoza ukutani, vigae vichache, na alama za makabati yaliyong'olewa. Sinki hakuna. Darini zinaning'inia nyaya tupu. Hata balbu aliyetangulia kaondoka nayo. Kabla hajapumua anaambiwa kwamba Jumapili hakuna kutoboa ukuta, baada ya saa nne usiku hakuna kelele, chupa za kioo hazitupwi pipani siku ya mapumziko, ngazi huenda zina zamu ya kufagiwa, na siku atakapohama kuta zirudi rangi isiyomkera mtu. Masimulizi ya namna hii utayasikia kwa wanafunzi wa Kibrazili, wahandisi wa Kihindi na wauguzi wa Kikenya, na karibu yote huishia kwenye hukumu moja: Wajerumani ni watu baridi, wanaopenda amri kuliko wanavyopenda wenzao.

Hukumu hiyo inatafuta chanzo kwenye tabia, wakati chanzo kiko kwenye mkataba. Ujerumani ni nchi tajiri ambayo chini ya nusu ya watu wake wanaishi kwenye nyumba zao wenyewe, kiwango cha chini kuliko nchi nyingine yoyote ya Umoja wa Ulaya. Romania, yenye kipato kidogo zaidi, ina zaidi ya watu tisa kati ya kumi walio kwao. Mjini Berlin, zaidi ya kaya nane katika kila kumi zimepanga. Na hawa waliopanga si vijana wanaojikusanya wakisubiri kujenga. Ni daktari bingwa, ni hakimu, ni mwalimu anayekaribia kustaafu, ni mjane wa miaka themanini aliyelea watoto wake wote kwenye vyumba vile vile vitatu. Mpangaji wa Kijerumani amekaa, na sheria imemwezesha kukaa. Desturi nyingi zinazomshangaza mgeni ni desturi za watu wanaojua kwamba watakuwa majirani kwa miaka ishirini ijayo, wapende wasipende. Na ule msako wa miezi, ule unaomvunja moyo mgeni kabla hata hajaona jiko lisilokuwepo, kwa sehemu kubwa unatoka kwenye mzizi huo huo.

Tuitazame sheria yenyewe kwa karibu, maana hapa ndipo masimulizi ya wageni huwa haba. Mkataba wa kawaida wa kupanga Ujerumani hauna tarehe ya mwisho. Mwenye nyumba hawezi kuuvunja kwa kuwa tu amempata mtu wa kulipa zaidi. Kanuni ya Kiraia ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika Januari 1, 1900 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, inakataza wazi kumtoa mpangaji kwa lengo la kupandisha kodi. Mwenye nyumba anahitaji sababu halali, na inayotumika mara nyingi ni kwamba yeye mwenyewe au ndugu yake wa karibu anataka kuishi humo. Hata akiwa na sababu hiyo, mpangaji aliyekaa zaidi ya miaka minane anastahili notisi ya miezi tisa, na anaweza kuipinga mahakamani kwa hoja kwamba kuhama kungemuumiza kupita kiasi, kwa sababu ya uzee, kwa mfano, au maradhi. Mpangaji mwenyewe akitaka kuondoka, notisi ya miezi mitatu inamtosha hata kama ameishi humo miaka arobaini. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi anainunua pamoja na mpangaji wake na mkataba wake. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadili kitasa wala kutoa vyombo nje. Anayeweza kumwondoa mtu ni ofisa wa mahakama, akiwa na hukumu mkononi. Mwaka 1993 Mahakama ya Katiba ilifika mbali zaidi: ilisema haki ya mpangaji ya kuishi kwenye nyumba aliyopanga inalindwa na kifungu kile kile cha Katiba kinacholinda mali. Ndani ya fleti moja, basi, kuna watu wawili wenye haki ya mali, mmoja ana hati na mwingine ana mkataba.

Kwenye fedha mambo ni hivyo hivyo. Kodi ya mpangaji aliyemo haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 20 katika miaka mitatu, na kwenye miji yenye uhaba asilimia 15, na hata hapo isivuke kiwango cha kawaida cha eneo lile, ambacho miji mingi hukichapisha kwenye jedwali ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Joto likikatika Januari kwa uzembe wa mwenye nyumba, mpangaji ana haki ya kupunguza kodi hadi litakaporudi. Msomaji wa Dar es Salaam aliyezoea kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla hajaingiza hata godoro atavutiwa na kifungu cha dhamana: haizidi kodi ya miezi mitatu, inaweza kulipwa kwa awamu tatu, mwenye nyumba lazima aiweke kwenye akaunti iliyotengwa na fedha zake, na riba yake ni ya mpangaji. Mpangaji asipojua haya, vipo vyama vya kumjulisha. Shirikisho la vyama vya wapangaji lilianzishwa Leipzig mwaka 1900, na leo linawakilisha watu wapatao milioni tatu, wengi wao wakilipa ada ya mwaka ili wapate wakili wa kuwasomea barua za mwenye nyumba.

Mtu aliyelindwa hivi huitendea nyumba tofauti na yule anayejua kwamba mwakani anaweza kuambiwa apishe. Jiko linaeleweka hapa. Anayetarajia kukaa miaka kumi na tano anaona ni jambo la kawaida kununua makabati yanayomfaa, kuyapima na kuyafunga, na akihama anayachukua au anamuuzia anayeingia. Mwenye nyumba kwa upande wake anafurahi, kwa sababu kila kifaa anachokiacha ndani ni kifaa atakachodaiwa kukitengeneza kikiharibika. Mfumo huo una mantiki kwa watu wa kukaa, na ni mateso kwa anayekuja kwa miaka miwili. Kuta nyeupe ni hivyo hivyo. Zamani mikataba ilimlazimisha mpangaji kupaka rangi kila baada ya miaka kadhaa na tena siku ya kuondoka. Wapangaji wakaenda mahakamani, na mwaka 2015 mahakama ya juu ya kesi za kiraia ikaamua kwamba aliyepokea fleti isiyokarabatiwa bila kupewa fidia ya haki hawezi kudaiwa airudishe imepakwa rangi. Mgeni anaona ukuta na kudhani ni ushamba wa kupenda weupe. Ukweli ni kwamba nyuma ya ukuta ule kuna miaka mingi ya kesi, rufaa, na barua za mawakili.

Siku ya makabidhiano inaonyesha yote haya kwa pamoja. Mwenye nyumba au wakala wake anapita chumba kwa chumba na fomu mkononi. Anaandika namba kwenye mita ya umeme na mita ya joto, anaandika mkwaruzo wa sakafu karibu na dirisha, anaandika kigae chenye ufa bafuni, anahesabu funguo, pande zote mbili zinatia saini. Ufunguo mmoja ukipotea si jambo dogo, kwa sababu katika majengo mengi ufunguo wa fleti ndio huo huo unaofungua mlango mkubwa na ghala la chini, na kuubadilisha mfumo mzima wa vitasa kunaweza kumgharimu aliyeupoteza mamia ya yuro, wakati mwingine maelfu. Kisha jina la mpangaji linabandikwa kwenye kengele na kwenye sanduku la barua, maana fleti nyingi hazina namba na tarishi hutafuta jina la ukoo. Ndani ya wiki mbili anatakiwa awe amejiandikisha kwenye ofisi ya wakazi, na karatasi anayoipeleka huko ni uthibitisho wa mwenye nyumba. Bila anwani anahangaika kufungua akaunti ya benki na kupata namba ya kodi ya mapato. Kwa lugha nyepesi, kule mtu bila nyumba hajafika bado, hata kama ana viza na kazi.

Majirani nao. Katika jengo la ghorofa tano lenye kaya kumi, ambamo hakuna anayeweza kumfukuza mwenzake na hakuna anayetaka kuhama, kelele si usumbufu wa usiku mmoja. Jirani wa juu anayetembea na viatu vigumu usiku atakuwa anatembea hivyo mpaka watoto wako wamalize shule. Ndiyo maana pale chini penye masanduku ya barua kunabandikwa kanuni za jengo: saa za ukimya, zamu ya chumba cha kufulia, gari la mtoto liegeshwe wapi, nani anafungia mlango mkubwa usiku. Mapipa ya taka yana rangi zake, karatasi huku, mabaki ya chakula kule, vifungashio kwenye la njano, na anayekosea hujibiwa kwa karatasi isiyo na jina iliyobandikwa mlangoni. Jumapili imelindwa hata na Katiba, iliyorithi kifungu cha Katiba ya Weimar ya 1919 kuhusu siku ya mapumziko. Haya yote yanafanana na taratibu za meli: watu wasioweza kuteremka hutunga kanuni za kupishana.

Msomaji makini atapinga hapa, na ana haki. Atasema kwamba ninageuza tabia kuwa sheria, na kwamba Wajerumani walikuwa wapenda utaratibu kabla ya sheria yoyote ya wapangaji. Ushahidi upo. Kule Württemberg kuna zamu ya kufagia ngazi na njia ya mbele ya nyumba, inayotangazwa kwa kibao kidogo kinachohamishwa kutoka mlango hadi mlango. Ukikikuta kimening'inia kwenye kitasa chako Jumatatu, wiki hiyo ni yako. Mizizi ya desturi hiyo inapelekwa nyuma hadi Stuttgart ya mwaka 1492, enzi za mtawala Eberhard mwenye ndevu, aliyeamuru wakazi waondoe uchafu wao. Hapo hapakuwa na mahakama ya wapangaji. Nakubali. Lakini angalia kwamba zamu ile haikuenea kwa namna ile Hamburg wala Berlin, ambako Wajerumani ni Wajerumani vile vile. Huko mara nyingi analipwa mtu wa kufagia na gharama yake inaingizwa kwenye bili ya mwaka. Kama ingekuwa damu, ingekuwepo kote.

Na upo ushahidi mwingine ninaouona mzito zaidi. Mkataba wa kuajiri wafanyakazi kutoka Uturuki ulisainiwa mwaka 1961, na watu wale, walioitwa wageni na kutarajiwa kurudi kwao, wakaishia kupanga kwenye majengo chakavu ya mitaa kama Kreuzberg, Berlin. Mwaka 2012, kodi za nyumba za ruzuku karibu na kituo cha Kottbusser Tor zilipopanda, wapangaji wa hapo, wengi wenye asili ya Uturuki, walijenga kibanda cha mbao barabarani na kukiita Gecekondu, jina la vibanda vinavyoota kwa usiku mmoja pembezoni mwa miji ya Uturuki. Kundi lao, Kotti & Co, likawa moja ya sauti zinazosikika zaidi katika siasa ya nyumba ya Berlin. Walidai nini? Walidai wasihamishwe kwenye fleti walizozoea, kodi ilingane na kipato, na nyumba zirudi mikononi mwa umma. Hayo ndiyo madai ya mpangaji wa Kijerumani asilia. Miaka hamsini ya mkataba usio na mwisho ilitosha kumfanya mtoto wa kijiji cha Anatolia ailinde ngazi yake kama mtu wa Stuttgart.

Hata hivyo sitaki kupamba. Kanuni za ujirani zikishaandikwa, huwa silaha mkononi mwa anayetaka silaha. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa, wageni wengi siku ya sikukuu, mtoto anayekimbia ukumbini: haya hupimwa kwa mizani tofauti kulingana na jina lililo kwenye kengele. Na ukali haukuanza kwa wageni. Mwaka 2011 bunge la Ujerumani lililazimika kurekebisha sheria ya mazingira ili iseme wazi kwamba kelele za watoto kwenye shule za chekechea na viwanja vya michezo, kwa kawaida, hazihesabiwi kuwa madhara. Nchi iliyofika mahali pa kupitisha sheria ya namna hiyo haina budi kukubali kwamba ukimya wake ulikuwa umevuka mpaka.

Sasa tuje mlangoni, mahali ambapo mgeni huumia kweli. Fleti nzuri ikitangazwa Munich au Berlin, maombi humiminika kwa mamia ndani ya saa chache. Mwombaji huandaa faili: hati za mshahara za miezi mitatu, ripoti ya Schufa inayoonyesha kama ana rekodi mbaya ya madeni, barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba hadaiwi, nakala ya mkataba wa kazi, na barua ya kujitambulisha ambayo wengine huweka hadi picha ya familia na paka. Mgeni hana ripoti kwa sababu hajawahi kukopa Ujerumani, na hana barua ya mwenye nyumba wa zamani kwa sababu mwenye nyumba wake yuko Eldoret. Wengi huliona faili hili kama urasimu. Mimi naliona kama hesabu ya mtu anayeingia mkataba ambao hataweza kuuvunja. Zaidi ya nusu ya fleti za kupanga Ujerumani zinamilikiwa na watu binafsi, wengi wao wana moja au mbili tu walizonunua kama akiba ya uzeeni. Mtu wa namna hiyo akimchagua mpangaji mbaya, amechagua tatizo la miaka mingi. Kwa hiyo anachagua kwa hofu, na mwenye hofu humchagua anayefanana naye.

Hapa utetezi wangu wa mfumo unaingia doa lisilofutika. Mwaka 2017 waandishi wa shirika la utangazaji la Bayerischer Rundfunk na jarida la Spiegel walituma maombi yapatayo 20,000 ya fleti katika miji kumi, wakitumia majina ya Kijerumani na majina ya kigeni yenye maelezo yanayolingana. Wenye majina ya Kiarabu na Kituruki waliitwa mara chache kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao. Sheria dhidi ya ubaguzi ipo tangu 2006, lakini inamhurumia mwenye fleti zisizozidi hamsini: kwa ujumla anachukuliwa kuwa nje ya biashara ya umma, na baadhi ya makatazo hayamfungi kikamilifu. Sasa linganisha mambo mawili hayo. Wenye nyumba wadogo ndio wengi, na ndio walioachiwa mwanya. Mpangaji akishakuwa ndani, sheria inamlinda kama mali; akiwa bado nje, na jina lake ni Juma, inamlinda kwa mashaka.

Wachumi wengi wana jibu tayari: ulinzi wenyewe ndio unaoleta ukuta. Mpunguzie aliyemo kinga, wanasema, na mwenye nyumba hataogopa kumjaribu mgeni. Wana ushahidi wa karibu. Februari 2020 Jimbo la Berlin lilifunga kodi za fleti nyingi kwa sheria ya jimbo. Kodi zikatulia kwa waliokuwemo, lakini matangazo ya fleti mpya yakapungua sana, na aliyekuwa anatafuta akajikuta na mahali pachache zaidi pa kutafuta. Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo mwezi Aprili 2021 kwa kuwa jimbo halikuwa na mamlaka nayo. Vilevile si siri kwamba mjane yule wa vyumba vitatu hawezi kuhamia viwili hata akitaka, kwa sababu viwili vya leo vina kodi kubwa kuliko vitatu vyake vya zamani, na familia yenye watoto watatu inabanana ghorofa ya chini yake.

Hoja hiyo ina nguvu, ila inasahau historia ya karibu sana. Nenda nyuma hadi Leipzig ya mwaka 2000. Sheria ya wapangaji ilikuwa, katika misingi yake, hiyo hiyo: mkataba usio na mwisho, notisi yenye sababu, mipaka ya kupandisha kodi. Lakini watu walikuwa wamehamia magharibi baada ya muungano wa Ujerumani Mashariki na Magharibi, mji ulikuwa na makumi ya maelfu ya fleti tupu, na mashariki yote ya Ujerumani ilikuwa na zipatazo milioni moja. Serikali ilianzisha mpango mwaka 2002 wa kubomoa majengo kwa sababu hayakuwa na watu. Berlin nayo ilikuwa na fleti tupu zaidi ya laki moja. Mwenye nyumba wa wakati ule hakuomba faili. Alimbembeleza mpangaji kwa mwezi wa bure. Wanafunzi wa kigeni waliofika miaka ile waliingia kwenye vyumba vyenye dari za juu kwa kodi ambayo leo ingeonekana ya kuchekesha. Kinga ya mpangaji ilikuwepo na mlango ulikuwa wazi. Kilichobadilika tangu hapo ni idadi ya fleti ikilinganishwa na idadi ya wanaozitaka.

Na idadi hiyo haikupungua kwa bahati mbaya. Baada ya vita, Ujerumani Magharibi ilikuwa na miji ya vifusi na mamilioni ya watu waliofukuzwa kutoka mashariki, na sheria ya ujenzi ya 1950 ilimwaga fedha za umma kwenye nyumba za kodi nafuu. Hapo ndipo taifa la wapangaji lilipoimarika: mtu wa kipato cha kati alipata fleti nzuri bila kuhitaji kununua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nyumba za namna hiyo zilikuwa karibu milioni nne. Leo zimebaki takriban milioni moja na kidogo, kwa sababu masharti yake ya kodi nafuu huisha baada ya miaka kadhaa na zilizojengwa kuziba pengo ni chache. Miji yenye madeni iliuza. Berlin iliuza kampuni yake ya GSW mwaka 2004 ikiwa na fleti zipatazo 65,000. Dresden mwaka 2006 iliuza nyumba zake zote za manispaa kwa mpigo na kulipa madeni yake. Serikali ya Olaf Scholz, kansela wa wakati ule, iliahidi fleti 400,000 kwa mwaka, na mwaka 2024 zikakamilika takriban 252,000. Septemba 2021 wapiga kura wa Berlin, zaidi ya nusu, waliunga mkono kutaifisha fleti za makampuni makubwa. Nina mashaka kama kutaifisha kunaongeza hata chumba kimoja, lakini hasira ile naielewa: ni ya watu wanaoona kilichowafanya waweze kukaa kimeuzwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba uhaba umegawa wapangaji katika mataifa mawili ndani ya sheria moja. Sheria ya Kijerumani ina milango ya pembeni, na mgeni, akishindwa mlango mkubwa, hupita huko. Bweni la wanafunzi haliko chini ya sehemu kubwa ya kinga ya notisi. Chumba chenye samani ndani ya nyumba anamoishi mwenye nyumba mwenyewe, kadhalika. Fleti ya samani inayotolewa kwa matumizi ya muda haiguswi na breki ya kodi, sheria ya 2015 inayozuia kodi mpya isizidi asilimia 10 juu ya kiwango cha eneo, na matangazo ya namna hiyo yamejaa katika miji mikubwa. Chumba cha kupangishwa na mpangaji mwingine bila idhini ya mwenye nyumba kinaweza kupotea wiki yoyote, na mara nyingi hakitoi ile karatasi ya kujiandikishia. Kwa hiyo mgeni anayesimulia ugumu wa maisha ya nyumbani Ujerumani amebeba masharti yote ya jengo, ukimya, mapipa, Jumapili, bila kupata kile kilichoyapa masharti hayo maana kwa jirani yake, yaani uhakika wa kubaki.

Jambo hili linagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilisaini makubaliano ya uhamiaji na ajira mbele ya Rais William Ruto na Kansela Scholz, na vijana wengi wanajifunza Kijerumani wakitazamia hospitali na nyumba za wazee za huko. Waajiri wanaojua hali ya nyumba wameanza kutafuta fleti kwa ajili ya watu wao, kama viwanda vya Essen vilivyofanya karne ya kumi na tisa, na kwa anayetua uwanja wa ndege akiwa na sanduku moja hiyo ni nafuu kubwa. Lakini nyumba ya mwajiri nayo ni mlango wa pembeni. Kazi ikiisha, Kanuni ya Kiraia inampa mwajiri anayeihitaji fleti hiyo kwa mfanyakazi mwingine sababu ya kutoa notisi, na katika hali fulani notisi hiyo ni fupi kuliko anayostahili mpangaji wa kawaida wa muda ule ule. Ofisa wa Nairobi anayejadiliana kuhusu mishahara na mitihani ya lugha angefanya vema kuweka mezani swali la tatu: baada ya mwaka wa kwanza, muuguzi huyu ataishi kwa mkataba wa nani, na jina la nani litakuwa kwenye kengele?